Akitoka gereza la Butimba, atarudi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanaorudia makosa

Nina karakana ya kuchomelea mageti hapa Mabatini, Mwanza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea vijana waliotoka gerezani wanaotaka kujifunza kazi. Wengine huletwa na mama zao, wengine hujileta wenyewe na mfuko wa rambo mkononi. Ndiyo maana kikao cha mtaa kikigusa habari za wizi, macho yote hunigeukia mimi, kana kwamba nimewazaa. Maswali ni yale yale kila mara. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu na yale niliyoyasoma kwa watu waliolichunguza jambo hili sehemu nyingine za dunia. Kwenye vifungu vya sheria nimesaidiwa na mwanasheria. Maoni ni yangu na lawama ni zangu.

Kwani ni wangapi hurudi?

Inategemea wavu. Mwenye wavu wa macho makubwa atakwambia leo ziwa lina samaki wachache, mwenye kokoro atakwambia limejaa, na ziwa ni lile lile. Wanaohesabu warudiaji nao wana nyavu tatu: waliokamatwa tena, waliotiwa hatiani tena, na waliorudishwa gerezani.

Chukua Marekani. Watu walioachiwa kutoka magereza ya majimbo 30 mwaka 2005 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Ndani ya miaka 5, takriban 77 kati ya kila 100 walikuwa wamekamatwa tena na polisi angalau mara moja. Lakini waliorudi gerezani, kwa majimbo yenye kumbukumbu hizo, walikuwa takriban 55. Pengo kati ya namba hizo mbili ni watu waliokamatwa kisha wakaachiwa, wakashinda kesi, au wakapigwa faini. Anayetaka kukutisha atachukua ya kwanza, anayetaka kusifia magereza atachukua ya pili, na wote wawili hawajasema uongo.

Kwa hiyo mtu akikurushia asilimia, muulize: umehesabu nini, kwa muda gani, na uliowahesabu ni kina nani? Gereza lililojaa watu waliopatikana na gongo haliwezi kupimwa na gereza lililojaa wanyang'anyi wa silaha.

Norway wafungwa wanaishi kama hotelini, na bado hawarudi. Ni kweli?

Hii inatokana na ile video ya gereza la Halden ambayo kila mtu ameshatumiwa: chumba cha peke yako, jokofu, televisheni, dirisha lisilo na nondo. Gereza hilo lipo, lilifunguliwa mwaka 2010. Na ile asilimia 20 inayotajwa nayo ipo. Ila wanaihesabu ndani ya miaka 2 tu, na anayeingia kwenye hesabu ni yule aliyepewa adhabu mpya, siyo kila aliyekamatwa. Ukiiweka kando ya ile 77 ya Marekani unapima kilo kwa rula.

Mimi kilichonivutia zaidi siyo jokofu, ni utafiti wa wachumi wa huko uliochapishwa mwaka 2020. Kesi zao hugawiwa mahakimu bila kuchagua, na mahakimu wapo wakali na wapo wapole. Kwa hiyo watu wawili wenye makosa yanayofanana, mmoja anaangukia jela na mwenzake hapana, kwa bahati tu. Wakawafuatilia kwa miaka 5. Waliokwenda jela walirudia makosa kidogo kuliko wale walioponea. Umesikia vizuri: jela ilisaidia.

Lakini ilimsaidia nani? Karibu faida yote iliwaendea wale ambao kabla ya kufungwa hawakuwa na kazi. Hao walipoingia ndani walisukumwa kwenye mafunzo, na walipotoka wakaanza kuajiriwa. Waliokuwa na kazi kabla ya kufungwa, jela iliwapotezea hiyo kazi na haikuwapunguzia makosa. Kwa maneno ya hapa kwetu, jela ile ilifanya kazi ya chuo cha ufundi cha VETA chenye kufuli. Mjadala wetu wa "jela au mafundisho" unadhani hivyo ni vitu viwili, wakati huko vimo chini ya paa moja. Bila shaka nchi ile ina watu wasiofika hata milioni 6 na ina mafuta, na mimi sisemi tujenge Halden pale Buhongwa.

Sheria inasema jela ni ya nini: kukomoa au kurekebisha?

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinasema kifungo ni kwa ajili ya kulinda jamii na kupunguza kurudia makosa, na kwamba hilo halipatikani kama muda wa kifungo hautumiki kumwandaa mtu kuishi kwa kufuata sheria na kujitegemea. Zanzibar jela zao wanaziita Vyuo vya Mafunzo. Huku bara tumebaki na "gereza", na ukisema fulani yuko chuo cha mafunzo watu watakuuliza kozi gani.

Kwa nini wasiongezewe miaka? Wakila mvua za kutosha watakoma.

Hapa ndipo kikao huwaka moto, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nchi hii haijawahi kukosa adhabu kali. Mwaka 1963, uhuru hata haujatimiza miaka 2, Bunge lilitunga sheria ya adhabu za chini kabisa ambazo hakimu hakuruhusiwa kuzipunguza. Mla rushwa au mwizi wa mali ya umma alikwenda jela si chini ya miaka 2, na juu yake viboko 24: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliikumbusha baadaye, kwamba vile 12 vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mkewe. Sheria hiyo ilifutwa ikatungwa nyingine mwaka 1972. Leo unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, hakuna chini ya hapo, na mshtakiwa hapati hata dhamana. Rushwa haikuondoka na viboko, na walinzi wa injini za boti kule mialoni bado hawalali.

Wazee walishalisema kwa namna yao: za mwizi ni arobaini. Tunalitumia kumtisha mwizi, lakini hebu lisikilize kwa sikio la mwizi mwenyewe. Yeye anasikia kwamba ana siku 39 za bure. Hapo kuna ubishi wote wa wataalamu tangu Cesare Beccaria wa Italia alipoandika mwaka 1764, na tafiti za siku hizi zinamuunga mkono: kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa, kuliko ukubwa wa adhabu anayodhani itawaangukia wengine. Kijana anayechomoa simu kwenye daladala Igoma hajui kama kosa lake ni miaka 3 au 7. Anajua kama kondakta anamtazama au hamtazami. Ukitaka aache, hizo arobaini zifanye ziwe tatu.

Angalia ziwani. Mwaka 2018 ilikuja Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilikusanywa, zikachomwa moto hadharani, watu wakapigwa faini ambazo wengine hawakuwahi kuzishika mkononi. Kwa muda nyavu za timba na makokoro zikapungua. Lakini mvuvi wa kawaida hana wavu, wavu ni wa tajiri. Anakwenda ziwani usiku kwa mgawo, na asubuhi anadaiwa. Ukimfunga yeye, tajiri anatafuta mwingine kabla boti haijakauka. Yule aliyefungwa akitoka deni lake linamsubiri, na njia ya kulilipa anayoijua ni ile ile iliyomfunga. Ukimwita mrudiaji sawa, ni mrudiaji. Ila umemwadhibu mkono, kichwa kiko dukani kinanunua wavu mpya.

Siyo kwamba miaka haina kazi. Mtu aliye ndani hawezi kukuibia, na wapo ambao mtaa unapumua wakiwa ndani, mimi nikiwa mmoja wa wanaopumua. Tatizo ni kwamba karibu wote hutoka. Hata hiyo miaka 30, mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi, kwa hiyo hesabu 20. Aliyeingia na miaka 24 atatoka na 44, bado ana nguvu.

Jela zinawafundisha wizi zaidi?

Za muda mfupi ndizo zina sifa mbaya zaidi. Uingereza, katika watu wazima waliotoka kwenye vifungo vya chini ya miezi 12, zaidi ya nusu hupatikana na kosa jipya ndani ya mwaka mmoja. Ni kiwango cha juu kuliko cha waliofungwa muda mrefu. Sehemu ya sababu ni aina ya watu: vibaka wa kila siku ndio hupewa vifungo vifupi. Lakini fikiria pia miezi 4 inafanya nini. Inatosha kupoteza chumba ulichopanga, kibarua na mchumba. Haitoshi kujifunza kupaka hata plasta. Na inatosha sana kupata marafiki.

Usisahau mahabusu. Mtu anaweza kukaa miezi akingoja upelelezi ukamilike, akiwa hajahukumiwa, hana ratiba ya kazi wala mafunzo, kazi yake ni kusikiliza hadithi za selo.

Mtoto wa jirani ameanza udokozi. Tumpeleke polisi alale siku moja, aogope?

Hapana, na hapa nina uhakika kuliko sehemu nyingine zote za ukurasa huu. Wamarekani walijaribu jambo hilo kwa mpangilio tangu miaka ya 1970, kuanzia gereza moja la New Jersey: walichukua vijana watundu wakawaingiza gerezani, wafungwa wa maisha wakawafokea na kuwasimulia ya humo ndani. Walipokuja kulinganishwa na vijana watundu wengine ambao hawakupelekwa, waliopelekwa ndio walifanya makosa zaidi. Wakiogopa siku ya kwanza, ya tatu wanajisifia kwa wenzao.

Na sheria haikuruhusu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 hahukumiwi kifungo cha jela. Kuna shule ya maadilisho Irambo, Mbeya, kuna uangalizi chini ya ofisa, na kuna ofisi ya ustawi wa jamii kwenye halmashauri yako ambayo watu huikumbuka wakigombania matunzo ya mtoto tu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini kumkunja siyo kumtupa kwenye jiko la wengine.

Urekebishaji unafanya kazi kweli, au ni maneno ya semina?

Kuna kisa cha kweli kinachofaa kujulikana na kila anayebishana. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Martinson aliandika makala akijumlisha tafiti nyingi za programu za magerezani, na watu wakaisoma kuwa anasema hakuna kinachofanya kazi. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto na wa kulia wakaidaka, vifungo vikarefuka, pesa za mafunzo zikapunguzwa. Mwaka 1979 Martinson huyo huyo akaandika kwamba alikosea, kwamba zipo programu zinazosaidia na zipo zinazodhuru. Makala hiyo ya pili haikusomwa na mtu. Uongo, au tuseme kosa, limeshapanda basi. Ukweli bado unakata tiketi Nyegezi.

Leo picha ni hii. Mafunzo yanayomfundisha mtu kuona hatua kati ya hasira na ngumi husaidia. Elimu na ufundi husaidia: shirika la utafiti la RAND lilipojumlisha tafiti za Marekani mwaka 2013, waliosoma wakiwa ndani walikuwa na uwezekano wa kurudi pungufu kwa pointi 13 za asilimia. Mawaidha matupu hayasaidii sana, na nawaomba radhi wachungaji na masheikh wanaokwenda huko kwa moyo safi. Kinachobaki kwa mfungwa mara nyingi siyo mahubiri, ni yule mtu aliyekuja tena wiki iliyofuata.

Tahadhari moja: anayejiandikisha darasani gerezani mara nyingi ndiye aliyekwisha kuamua kubadilika. Sehemu ya sifa ni yake, siyo ya darasa.

Sikio la kufa halisikii dawa. Wengine si wamezaliwa hivyo?

Wapo sugu, siwatetei. Lakini karibu kila nchi iliyohesabu imekuta umbo lile lile: makosa hupanda kwa kasi utotoni kuelekea ujana, yanafika kileleni mwishoni mwa miaka ya kumi na kitu au mwanzoni mwa 20, kisha yanateremka. Watu huchoka, huoa, hupata watoto, magoti yanaanza kuuma ukutani. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1994 kwamba kosa la tatu ni miaka 25 hadi maisha, wakajikuta wanawalisha wazee waliokuwa wameshachoka kuiba. Mwaka 2012 wapiga kura wao wenyewe wakailegeza.

Wale 5,533 wa msamaha wa Kirumba, haikuwa hatari?

Kwa waliosahau: Desemba 9, 2019, sherehe za Uhuru zilifanyika hapa kwetu, Uwanja wa CCM Kirumba, na Rais Magufuli akatangaza msamaha kwa wafungwa 5,533 nchi nzima. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka hayo. Jioni ile mtaani kwetu watu walifunga milango mapema.

Msamaha wenyewe sina ugomvi nao, mtu aliyebakiza miezi atatoka tu. Ugomvi wangu ni wa jinsi ya kutoka. Anayetoka kwa parole, anayetoka kwa kumaliza muda na anayetoka kwa msamaha wanafika mlango mmoja, ila wa parole peke yake ndiye ana mtu wa kuripoti kwake.

Parole, probesheni na huduma kwa jamii, tofauti ni nini?

Probesheni: hukuingia jela, unaishi nyumbani chini ya ofisa. Huduma kwa jamii: chini ya sheria ya mwaka 2002, kwa kifungo kisichozidi miaka 3, mahakama inaweza kukuamuru ufanye kazi za umma bila malipo badala ya kwenda ndani. Ukiona mtu mzima anafagia zahanati na sare hana, usimcheke. Parole: umeingia, umetumikia sehemu ya kifungo, bodi inakuruhusu umalizie nje kwa masharti. Sheria yake ni ya mwaka 1994, na makosa mazito kama ubakaji na unyang'anyi wa silaha hayamo.

Kwa maoni yangu huduma kwa jamii ndiyo inayodharauliwa bure. Mkosaji analala kwake, kazi yake haipotei, na mtaa unamwona akilipa.

Kwa nini tusimalizane naye hapa hapa mtaani?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya kikao, na watu ambao Jumapili wako kanisani mstari wa mbele.

Nimewahi kufika nikakuta tairi tayari. Kijana alikuwa amekaa chini, kiatu kimoja, anatazama kile kiatu. Hakuwa anaomba. Aliokolewa na mwanamke mmoja muuza mihogo aliyesimama katikati na beseni lake akasema huyu nampeleka polisi mwenyewe. Baadaye ikajulikana simu ilikuwa imeanguka ndani ya bajaji.

Ukiacha kwamba ni mauaji, na sheria inayaita hivyo hata mkiwa mia, ina hasara hata kwa mwenye simu yake. Kama kuchomoa simu na kuua mtu vina malipo yale yale, mwizi ataanza kutembea na kisu. Ana nini cha kupoteza?

Watu wa huku hutaja sungusungu: "mbona wao walikomesha wizi wa ng'ombe?" Ni kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Usukumani na Unyamwezini walifanya ambacho polisi walishindwa, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Hawakuwa malaika, waliumiza watu, na wanawake walioitwa wachawi wanalijua hilo. Lakini adhabu yao kubwa haikuwa tairi. Ilikuwa faini na kutengwa: husalimiwi, huchotewi maji, kwenye msiba wako haji mtu. Na ilikuwa na mlango wa kurudia, ukilipa ulichotozwa unarudi kundini. Mwaustralia John Braithwaite aliandika mwaka 1989 kuhusu tofauti ya aibu inayomrudisha mtu na aibu inayomfukuza kabisa, wakasema ni nadharia mpya. Wazee wangu wangemuuliza amekaa wapi muda wote huo.

Ndugu yangu anatoka mwezi ujao. Tufanye nini?

Nitakueleza nilichokiona, utajua mwenyewe.

Alikuja karakana Jumatatu asubuhi. Aliingia ndani mwaka 2017. Kwenye rambo alikuwa na suruali moja, kipande cha sabuni ya mche, Biblia ndogo na karatasi yake ya kuachiwa. Alisimama mlangoni, mlango uko wazi, mpaka nikamwambia ingia. Nilipomwita jina lake alichuchumaa. Mtu mzima, mrefu kuliko mimi, akachuchumaa kwenye vumbi la chuma kama anahesabiwa. Vijana wangu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Akaniomba simu ampigie dada yake. Namba aliyoikariri miaka yote hiyo haipatikani. Tukatafuta laini yake mwenyewe, ikawa hadithi nyingine: kuanzia mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilizimwa, na kusajili kunataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, naye NIDA ilimkuta ndani. Bila NIDA hakuna laini, bila laini hakuna M-Pesa, bila M-Pesa hata mteja wa kibarua cha elfu 10 hajui amlipeje, siku hizi watu hawatembei na pesa. Kijiweni kwake cha zamani hawakumdai kitambulisho. Walimpa soda siku ya kwanza na simu siku ya pili. Unaona mashindano yalivyo?

Kwa hiyo kabla hajatoka, mtafutie pa kulala ambapo siyo kijiwe chake cha zamani. Mwambie mjumbe na mwenyekiti wa mtaa mapema, wewe mwenyewe, wasisikie kwa jirani. Shughulikia NIDA wiki ya kwanza, kabla ya kitu kingine. Asikae bila pa kwenda Jumatatu ya kwanza, hata kama ni kusomba maji. Sherehe ya kumpokea achana nayo: marafiki wa zamani huja wa kwanza, na hawaji kwa ajili ya pilau. Na mama ndiye mgumu kuliko wote. Ama atamfungia ndani kama kifaranga, ama atamkumbusha kila akitoka chooni jinsi alivyoiaibisha familia. Mtafute shangazi azungumze naye.

Nimpe kazi? Akiniibia je?

Mimi niliibiwa. Miezi miwili baada ya kumpokea kijana mmoja, siyo huyo wa kuchuchumaa, mwingine, aliondoka Ijumaa na grenda na diski mbili mpya.

Nilifanya makosa matatu. Nilikuwa nalipa Jumamosi, kama kwa wengine, wakati yeye alikuwa anakula kwa mkopo tangu Jumatatu. Sikuwaambia wenzake alikotoka, nikidhani namsitiri, wakajua wenyewe na kumbatiza "Afande", jina lililokuwa likimchoma kila siku. Na alikuja mtu mara mbili kumuulizia, mtu ambaye sura yake tu ilitosha, nami nikanyamaza.

Sasa mwezi wa kwanza nalipa jioni kwa jioni. Wenzake wanajua, naye anajua kwamba wanajua. Ufunguo wa stoo anao mtu mwingine, na namweleza sababu bila kuzunguka. Hati ya tabia njema kutoka polisi siombi, kwa sababu najua itasema nini. Wenye ofisi kubwa wanaiomba na siwalaumu, ila waelewe kwamba mlango huo ukifungwa kila mahali, mtu atatafuta dirisha.

Na sisi tulioibiwa? Mbona mnamhurumia mwizi tu?

Hapa nakubali, tena bila kupindisha. Wanaotaka adhabu wanamtazama mkosaji, wanaotaka urekebishaji wanamtazama mkosaji. Mama aliyeibiwa injini ya boti, ambayo ndiyo ilikuwa ada ya watoto, anaitwa mahakamani kutoa ushahidi, nauli yake mwenyewe, mara nne kesi inaahirishwa, kisha anaambiwa haki imetendeka. Injini iko wapi?

Sheria inairuhusu mahakama kuamuru mkosaji alipe fidia, juu ya adhabu. Iombe. Mwambie mwendesha mashtaka kabla ya hukumu kwamba unataka fidia, na uwe na risiti au shahidi wa thamani ya kitu. Watu wengi huondoka bila kuiomba kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Yule wa grenda yuko wapi?

Swali hili huulizwa na mke wangu kuliko mtu yeyote. Yuko Kirumba, Mwaloni, anapakia magunia ya dagaa kwenye malori. Alikuja baada ya miezi 11, jioni, hakukaa. Akaweka 30,000 kwenye meza, akasema grenda alikwisha kuiuza. Nilimwambia ilikuwa 130,000, diski sizihesabu. Tangu hapo huleta akipata, siyo kila mwezi. Mke wangu ndiye mwenye daftari. Imebaki 45,000.